Tundu Limetiuniwa Hezi Ngapi?

Ndugu Mwenyekiti, mafundi wenzangu, wenye kumbi, na nyinyi mliokuja kwa kupenda besi tu: itifaki imezingatiwa.

Nimepewa nusu saa, na nataka niitumie kubishana na kauli moja. Mnaijua, maana sisi wenyewe ndio tunaowaambia wateja: "Ukitaka muziki chukua sabufa iliyozibwa, ukitaka sinema chukua yenye tundu." Mteja anaridhika, analipa, anaondoka. Si uongo mtupu. Ila inaanzia mahali pasipo pake, na ndiyo maana nyumba nyingi hapa Dar es Salaam zina sabufa inayounguruma noti ileile tangu wimbo unaanza hadi unaisha, na mwenye nyumba anaamini hiyo ndiyo besi.

Ninachosema mimi ni hiki. Kabla ya kuuliza boksi lina tundu, yaani bomba la kupitisha hewa, au halina, uliza tundu lenyewe limetiuniwa hezi ngapi, yaani limepangwa livume kwenye noti ya mitikisiko mingapi kwa sekunde, kisha uliza chumba kitakachokaa hilo boksi kikoje. Ukishapata majibu hayo, habari ya muziki au sinema inabaki jambo dogo.

Tuanze na boksi lililozibwa, halina maneno mengi. Mwaka 1954, huko Cambridge, Massachusetts, Edgar Villchur na Henry Kloss walianzisha kampuni ya Acoustic Research na kuanza kuuza spika iliyoitwa AR-1. Kabla ya hapo, aliyetaka besi ya chini alilazimika kuwa na boksi la kujaza kona nzima ya sebule. Villchur aliifanya koni, ile karatasi ya spika inayotikisika, ining'inie kwa ulegevu, akaiacha hewa iliyofungiwa ndani ya boksi dogo iwe ndiyo springi ya kuirudisha. Hewa ni springi nzuri kuliko mpira na kitambaa, kwa sababu inasukuma kwa ulinganifu zaidi koni ikienda mbele na ikirudi nyuma. Mpango mzima ni huo.

Kinachobaki ni ufundi, na hapo ndipo wengi tunateleza. Boksi lililozibwa lazima lizibwe kweli. Hapa pwani MDF, ile mbao ya unga uliogandamizwa, ikinyonya unyevu pembeni inavimba, viungo vinaachana taratibu, na baada ya msimu mmoja wa masika boksi linapumua. Piga toni ya hezi 30 kwa sauti ya wastani, lowesha mkono, uupitishe kwenye viungo, pembeni ya spika na pale nyaya zinapotokea. Panapovuja utasikia upepo unapiga ngozi. Usitegemee macho.

Sasa tundu. Chukua chupa tupu ya soda, pulizia juu ya mdomo wake. Inatoa noti moja, kila ukipuliza ni hiyohiyo. Mimina maji nusu, noti inapanda. Hewa iliyo shingoni ndiyo uzito, hewa iliyo tumboni ndiyo springi, na hivyo viwili vikikutana vinachagua noti yao. Mjerumani Hermann von Helmholtz alilieleza jambo hilo katika karne ya 19. Albert Thuras wa maabara ya Bell, Marekani, akalipeleka kwenye boksi la spika. Hataza yake ilitolewa mwaka 1932. Baada yake watu walikaa karibu miaka 30 wakikata mabomba kwa kubahatisha, hadi Neville Thiele wa Australia alipochapisha hesabu zake mwaka 1961, na Richard Small wa Chuo Kikuu cha Sydney akazikamilisha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Zile herufi mnazoziona kwenye karatasi ya spika, Fs (noti ya asili ya spika), Qts (jinsi inavyojizuia kuvuma) na Vas (ulegevu wake, umepimwa kwa lita za hewa), ni kazi yao. Wapo mafundi ambao hadi leo wako kabla ya 1961, na wengine wamekaa humu ndani.

Kwenye ile hezi ambayo tundu limetiuniwa, koni karibu inasimama. Inatikisika kidogo tu, na hewa ya kwenye bomba ndiyo inayofanya kazi. Hiyo ndiyo faida yake kubwa: unapata sauti nyingi bila kuichosha spika. Lakini shuka chini ya hapo na mambo yanageuka. Hewa ya bomba inaanza kupingana na koni, moja inasukuma nyingine inavuta, sauti inaporomoka kwa desibeli 24, kile kipimo cha ukubwa wa sauti, kila masafa, yaani hizo hezi, yakipungua nusu. La kuzibwa linashuka kwa desibeli 12 tu. Tena koni ya boksi la tundu, chini ya hezi yake, haina springi ya hewa tena; inapepesuka hovyo hadi koili, ule waya ulio nyuma ya koni, igonge. Ndiyo maana amplifaya ya boksi la tundu lazima iwe na kichujio cha kukata masafa ya chini kabisa. Ukiuziwa amplifaya isiyo nacho, wewe na spika yako mnaishi kwa kudra.

Nikupeni mfano wa hesabu, mwenye kalamu aandike. Spika ya inchi 12: Fs hezi 28, Qts 0.45, Vas lita 60. Spika ya kawaida tu, inakubali maboksi yote mawili. Ukiifunga kwenye boksi la lita 40 lililozibwa, unachukua 60 kwa 40, unaongeza 1, unatafuta kipeuo cha pili: 1.58. Zidisha kwa 0.45, unapata 0.71, kipimo cha jinsi spika na boksi kwa pamoja vinavyojizuia kuvuma, ambayo ndiyo ile tunayoitafuta, besi iliyonyooka isiyovimba. Zidisha 1.58 kwa 28, unapata hezi 44. Yaani kuanzia hapo sauti inaanza kushuka, na ikifika hezi 22 imeshapungua desibeli 12.

Spika hiyohiyo iweke kwenye boksi la lita 100, na bomba la PVC lenye upana wa ndani wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 30. Tundu linakaa hezi 25, na besi inafika salama hadi karibu na hapo. Umeshuka karibu nusu ya masafa kwa spika ileile na wati zilezile. Ulicholipa ni boksi mara mbili na nusu.

Sasa mteja anakuambia, "Fundi, nataka yenye tundu, ishuke chini, lakini iwe ndogo." Lita 30, tuseme. Hesabu haina huruma. Kwa bomba lile la sentimita 10, ili upate hezi 25 ndani ya lita 30 unahitaji bomba la urefu wa mita 1 na sentimita 17. Halitoshi humo ndani, na hata ukilikunja, lenyewe linakula zaidi ya lita 9 za boksi. Basi tutumie bomba jembamba? Linafupika, ni kweli, lakini hewa inapita kwa kasi. Ikizidi kama mita 17 kwa sekunde unaanza kusikia mfoko, fuu-fuu, hasa kwenye noti ndefu za chini. Mwingine ataongeza bomba la pili kwenye lile boksi la lita 100 ili hewa ipungue kasi. Sawa, lakini mabomba yakiwa mawili, kila moja linatakiwa liwe na karibu sentimita 67, siyo 30 tena. Anayetoboa tundu la pili kwa kuongeza "pumzi" bila kurefusha chochote amepandisha tiuni hadi hezi 35 bila kujua.

Hapo ndipo tunakutana na sabufa za dukani, zile za boksi la mezani na spika zake mbili pembeni. Nenda Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, utazikuta zimepangwa hadi darini. Boksi lina kama lita 15, bomba la plastiki la upana wa sentimita 5, urefu wa sentimita 10. Piga hesabu: hezi 53. Mwenye kiwanda si mjinga. Tundu la hezi 53 linatoa kishindo kikubwa kwa wati chache, na mteja aliyesimama dukani anasikia kishindo, hasikii noti. Tatizo ni kwamba kamba nene kabisa ya gitaa la besi, na ya lile besi kubwa la kusimama la taarab asilia ya Unguja, ni hezi 41. Iko chini ya hezi ya tundu. Boksi haliipigi sawasawa. Linachopiga zaidi ni sauti ya juu inayoambatana nayo, hezi 82, na sikio linajazia pengo lenyewe. Halafu noti zote zilizo jirani na 53 zinavimba. Mpiga besi wa rumba ya Kikongo anatembea juu chini kwenye kamba, anaongea, anajibizana na solo, na sabufa inakurudishia mngurumo mmoja.

Ndugu zangu, sifa mbaya ya tundu kwenye muziki imetoka huko. Watu walisikia hezi 53 wakadhani wamesikia tundu.

Tundu la hezi 25 ni habari nyingine. Muziki mwingi tunaoupiga uko juu ya hezi 35 au 40. Huko juu boksi hili linatenda karibu sawa na la kuzibwa, na kule linakochelewa kutulia, kwenye 25, hakuna mtu anayepiga kitu. Nasikia watu wanasema la kuzibwa lina besi "ya haraka". Koni haijui haraka. Noti ya hezi 40 inakwenda mara 40 kwa sekunde ndani ya boksi lolote. Kinachotofautiana ni inachukua muda gani kunyamaza, na hapo tiuni ya juu ndiyo inayoharibu. Chukua singeli: mapigo 200 na zaidi kwa dakika, yaani kati ya pigo na pigo kuna sekunde 0.3 au pungufu. Boksi linalovuma kwenye hezi 50 halijamaliza kunguruma na pigo jingine limeshaingia, unapata uji. Kwa singeli, kama uchaguzi ni kati ya boksi dogo la tundu na boksi dogo lililozibwa, chukua lililozibwa wala usiniulize.

Sinema nitazipitia haraka, ila kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Filamu yenye mfumo wa chaneli 5.1 ina njia yake maalumu ya besi, ile ".1". Inabeba hezi 3 hadi 120, na imepewa nafasi ya desibeli 10 zaidi ya chaneli nyingine. Kwa kipimo cha kumbi za sinema, kilele chake ni desibeli 115. Milipuko, matetemeko, ndege inayopita juu ya paa, vimo humo, na vingine vinashuka hadi hezi 20 na chini yake. Hapo boksi kubwa la tundu lina haki ya kujivuna. Ili boksi lile lililozibwa la lita 40 lirudishe zile desibeli 12 lilizopoteza kwenye hezi 22, unahitaji nguvu mara 16. Wati 50 zinakuwa 800. Na koni itembee mara nne. Wapo wanaofanya hivyo, kwa spika ngumu na amplifaya kubwa yenye prosesa, na matokeo ni mazuri sana. Lakini hayo ni mambo ya pesa.

Jambo lenyewe ni hili. Ukichukua waya wa nyekundu na nyeupe kutoka kwenye deki au king'amuzi ukauchomeka kwenye sabufa, unachopata ni stereo. Na filamu inaposhushwa kutoka 5.1 kuwa stereo, kwa kawaida ile njia ya besi inatupwa. Haichanganywi humo, inatupwa. Kwa hiyo mwenye kibanda umiza anayeonyesha filamu iliyotafsiriwa na DJ, au baba anayetazama sebuleni kwa waya wa stereo, anatafuta sabufa ya kupiga kitu ambacho hakipo kwenye waya. Kama hujanunua risiva inayosoma hizo chaneli sita, usinunue boksi la lita 100 kwa ajili ya filamu. Nunua risiva kwanza.

Sasa chumba. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo penye uamuzi wenyewe.

Wimbi la hezi 20 lina urefu wa mita 17. Halitoshi ndani ya sebule ya mtu yeyote hapa. Sauti inaposhuka chini ya hezi ambayo chumba kinaweza kuibeba kwa urefu wake, chumba kizima kinaanza kujazwa na kupunguzwa hewa kwa pamoja, na besi inapanda yenyewe bila wewe kuongeza chochote. Chumba kidogo, kuta nene, mlango na madirisha yanayofunga vizuri: nyongeza ni kubwa. Na angalia uzuri wake: kadiri boksi lililozibwa linavyoshuka taratibu, chumba kinalipandisha taratibu, na mkivilinganisha vizuri mnapata besi iliyonyooka hadi chini kabisa. Boksi la tundu likiwekwa kwenye chumba cha namna hiyo linaweza kuivimbisha besi. Ndani ya gari ni vilevile, na zaidi.

Chukua nyumba za zamani za Mji Mkongwe au Lamu. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene. Vyumba ni vyembamba na virefu, kwa kuwa upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, kiasi cha mita 2.8 hivi. Upana huo una mvumo wake kwenye hezi 61, na urefu wa mita 6 una wake kwenye karibu hezi 29. Kuta haziachii besi itoke. Kwenye chumba hicho mimi naweka la kuzibwa, dogo, na naliweka mbali na kona.

Halafu njoo kwenye nyumba zetu za sasa. Sebule imeungana na chumba cha kulia, jiko limefunguliwa, kuna korido inayokwenda vyumbani, dirisha la vioo vya kulaza ambalo halijawahi kufunga sawasawa, na dari ya jipsamu inayotikisika. Nyongeza ya chumba hapo msiitegemee, besi imeshatoka nje kumsalimia jirani. Hapo la kuzibwa la inchi 12 moja litasikika jembamba hata kwenye muziki, na la tundu lililotiuniwa chini ndilo litakalotosha. Mmeona? Mpenzi wa taarab Masaki anaweza kuhitaji la tundu, na mpenzi wa sinema Shangani, kule Mji Mkongwe, akahitaji la kuzibwa. Kauli yetu ya dukani imepinduka.

Kwa jirani sina msaada. Hezi 30 inapita kwenye ukuta wa tofali la inchi 6 kwa raha zake, iwe imetoka kwenye tundu au kwenye koni.

Mahali pa kuliweka: liweke boksi pale kwenye kochi unapokaa, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha zunguka chumba ukiwa umeinama hadi usawa wa sakafu. Utakuta mahali ambapo kila noti inasikika kwa kiwango kimoja, na mahali ambapo moja inameza nyingine. Pale paliponyooka ndipo boksi lihamie. Watoto watacheka, waache wacheke.

Na ukiwa na boksi la mtu mwingine hujui limetiuniwa wapi, usiliamini karatasi lake. Pakua programu ya kutoa toni kwenye simu, unganisha, sauti iwe ndogo. Anza hezi 70, shuka moja moja ukiitazama koni kwa tochi pembeni. Itazidi kutikisika, kisha itaanza kutulia, na kuna mahali itakuwa karibu imesimama huku upepo wa bomba ukiwa mkali kuliko wakati wowote. Hiyo ndiyo hezi yake. Ukishuka zaidi koni itaanza kuruka, rudi upesi. Ukikuta imetulia kwenye 50 na kitu, mwambie mwenyewe ukweli, kwamba ana chaguo la kurefusha bomba au la kuliziba. Sabufa nyingi ndogo zikizibwa kwa soksi iliyokunjwa zinapoteza kishindo lakini noti zinarudi. Ni jaribio la bure, na si mara zote litampendeza.

Kitu cha mwisho kuhusu matundu: mijusi na mende wanayapenda. Kuna joto, kuna giza. Weka wavu wa matundu makubwa upande wa ndani wa bomba, siyo ule wa mbu, maana huo unapiga filimbi.

Mniulize basi mimi nitampa nini mtu ambaye hajui anachotaka, ana sebule ya kawaida, anasikiliza muziki siku nzima na kutazama filamu Jumamosi? Akiwa na nafasi ya lita 100, la tundu la hezi 25. Akiwa hana nafasi, la kuzibwa la lita 40. Kile cha katikati, boksi dogo lenye tundu, simpi, hata akinisihi.

Maboksi yote mawili yako hapo nyuma, spika ni zilezile. Nimeyasawazisha kwa kipimo kwenye hezi 60, kwa sababu linalolia zaidi hushinda siku zote hata kama ni bovu. Tutapiga rumba kwanza, halafu singeli, halafu toni kutoka hezi 60 hadi 20. Mwenye programu ya kupima sauti aiweke simu juu ya kiti, siyo mkononi, na tafadhali yule wa dirishani afunge vioo tusikilize mara ya kwanza, kisha tutavifungua turudie.